Mchumba wa Jumamosi

Ilichukua wiki tatu kupata siku ya kikao, na hiyo ilikuwa siku ya kikao tu, harusi bado. Jumamosi upande wa mwanamume hawasafiri, hawapiki, hawazungumzi mambo ya dunia. Jumapili asubuhi upande wa mwanamke wako kanisani, na baba wa binti ndiye mzee wa kanisa anayeshika kapu la sadaka. Siku nyingine zote watu wako kazini. Simu zikapigwa kutoka Kibiti kwenda Same na kurudi, heshima ikaanza kupungua, mpaka binti mwenyewe, Nakijwa, akaichukua simu ya baba yake na kusema itakuwa Jumapili saa nane mchana, baada ya ibada, na mwenye neno aseme sasa. Hakuna aliyekuwa na neno. Ndiyo maana Jumapili hiyo alikuwa jikoni tangu alfajiri, amejifunga kanga mbili, macho mekundu kwa moshi wa vifuu, na kanisani hakwenda. Kwa hilo pia alikuwa ameshasemwa.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba wote walikuwa Wakristo. Kilichomuudhi kupita hapo ni kwamba kwa upande wa baba wote walikuwa Wapare. Baba yake, Mwalimu Msangi, alitoka Ugweno na Ulutheri wake mkononi, akafundisha shule za visiwani huko Delta ya Rufiji miaka na miaka, alipostaafu akajenga Kibiti. Sifaeli Mrutu alitoka upande wa pili wa milima ileile, kwa Wasabato. Lugha moja, vyakula vya nyumbani vimoja, Biblia moja. Walichohitilafiana ni siku moja katika saba, na kwa siku hiyo moja Nakijwa alikuwa anakaribia kukosa mume.

Na mume mwenyewe alikuwa anamtaka, hilo halikuwa na mjadala. Walikutana Mbwera, hukohuko Delta, yeye muuguzi wa zahanati, Sifaeli bwana samaki, afisa wa serikali wa kusimamia uvuvi. Aliletwa siku moja amechomwa kiganjani na hongwe, yule kambale wa baharini mwenye miiba, mkono umevimba, jasho linamtoka, na hata hivyo anajitahidi kutabasamu. Alipomwuliza imekuwaje, Sifaeli akasema samaki huyo hamli, na hicho ndicho alichopata kwa kumdharau. Wavuvi waliomleta wakacheka. Walimwamini kuliko bwana samaki yeyote waliyewahi kupata, kwani huwezi kumhonga kwa kamba mtu asiyekula kamba. Nakijwa akautoa ule mwiba, akaufunga mkono, na tangu siku hiyo kidonda kile kikahitaji kuangaliwa kila jioni, hata kilipokwisha kupona.

Sasa mwaka na nusu umepita. Saa nane kamili Sifaeli aliingia uani kwa Mwalimu Msangi nyuma ya baba yake mdogo, Mzee Eliakimu Mrutu, ambaye ndiye aliyemlea Sifaeli baada ya baba yake kufariki. Mzee alivaa suti nyeusi ya sufu katika joto lile la Kibiti, na hakufungua hata kifungo kimoja. Kwa mila, binti haingii sebuleni mpaka aitwe, basi Nakijwa akakaa nyuma ya dirisha la jikoni na jirani yao, Bi Mwajabu, Mndengereko aliyejitolea kupika kwa sababu, alivyosema mwenyewe, Mama Nakijwa ni mtu wa Mahenge, mbali na pwani, na mkono wake wa nazi bado unajifunza.

Sifaeli alipopita karibu na dirisha aligeuza uso mara moja. Macho yao yakakutana, na moyo wa Nakijwa ukalainika kidogo. Haukulainika kwa muda mrefu.

Chai ndiyo ilikuwa ya kwanza kuharibika. Mzee Mrutu aliufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja, akaeleza kwa upole kwamba majani ya chai hatumii, angeshukuru kwa maji ya moto. Mwalimu Msangi akajibu, naye kwa upole, kwamba katika nyumba ile maji ya moto hupewa mgonjwa. Mama Nakijwa akainuka haraka kuyaleta, maana upole wa mumewe aliujua unakoelekea.

Kisha sinia zikaingia. Bi Mwajabu hakufanya ubahili. Palikuwa na wali wa nazi, kambale wa nazi, kamba wa kukaanga, na kaa wakubwa waliotoka Nyamisati asubuhi ileile. Kilikuwa chakula cha kumpokelea mkuu wa mkoa. Nakijwa alichungulia, akaona posa yake yote imekufa mbele ya macho yake.

Akamgeukia Bi Mwajabu taratibu. Akamwuliza si alimwambia wageni hawali kila kitu.

"Uliniambia hawali nguruwe, hawanywi pombe, wanakula kama sisi," Bi Mwajabu akasema. "Haya mwanangu, n'ambie, sisi tunakula nini? Nimepika tunachokula sisi."

Nakijwa alifungua kinywa akakifunga. Ni kweli alisema hivyo. Alisema kwa nia njema kabisa, ili kumtoa jirani wasiwasi, akasahau kwamba kwa mtu wa Rufiji kula kama sisi huanza na kambale. Akajaribu kueleza kwamba kwa Wasabato samaki lazima awe na magamba na mapezi, na kambale hana, na kamba na kaa wao si samaki hata kidogo. Bi Mwajabu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli, iweje Mungu amjaze kambale mto mzima na mabwawa yake yote, halafu watu washuke kutoka milimani waje kusema hafai.

Sebuleni Mzee Mrutu alikuwa anakula wali mtupu na chumvi. Sifaeli naye vilevile, ameinamisha kichwa. Mwalimu Msangi alijipakulia kambale kichwa na mkia, akanyonya kila mfupa kwa sauti.

Ikaja habari ya siku ya harusi. Walutheri wa Kibiti hufungisha ndoa Jumamosi, Wasabato Jumapili, na mchungaji wa baba ana mitaa mitatu ya kuhudumia Jumapili. Wakazunguka hapo karibu nusu saa. Bi Mwajabu, aliyekuwa ameingia na bakuli la kunawia, uvumilivu ukamwisha.

"Kama taabu ni siku, chukueni Ijumaa yetu," akasema. "Tutawaazima."

Mzee Mrutu alimshukuru kwa dhati, akamfafanulia kwamba Sabato huanza Ijumaa jua likizama, na harusi ya Kipare haijawahi kuisha kabla ya magharibi. Bi Mwajabu alirudi jikoni, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akamwambia Nakijwa kwamba watu hawa pombe hawanywi, nguruwe hawali, na siku yao wanaishika kuliko wengi anaowafahamu, kwa hiyo yeye haoni kwa nini asiwapeleke tu kwa shehe mambo yakaisha.

Nakijwa alitaka kucheka. Kilichomzuia ni neno lililofuata sebuleni, neno alilokuwa akiliogopa kuliko siku na samaki. Mzee Mrutu alisema ndoa haiwezi kufungwa kanisani kwao mpaka binti abatizwe. Mwalimu Msangi akasema binti amebatizwa. Mzee akasema abatizwe kwa maji mengi. Mwalimu akauliza maji mengi ya wapi.

"Ya mto, Mwalimu. Kama Bwana mwenyewe."

"Mto wetu una mamba. Yohana alibatiza Yordani akiwa na amani. Angepangiwa Rufiji na yeye angenyunyiza."

Mama Nakijwa akafanya ishara ya msalaba kabla hajajizuia. Alilelewa na masista wa Kikatoliki, akageuka Mlutheri kwa ajili ya ndoa, na miaka thelathini haikutosha kuugeuza mkono wake. Mzee Mrutu aliiona ile ishara akafumba macho, kama mtu aliyeongezewa mzigo juu ya mzigo. Kisha akasema mto si lazima, kanisa lao la Dar es Salaam lina kisima kizuri cha ubatizo, kimewekwa vigae.

Nakijwa alimwonyesha Sifaeli ishara kupitia dirishani. Sifaeli akatoka kwa kisingizio cha kunawa, wakasimama nyuma ya banda la kuku. Alikuwa karibu kiasi kwamba Nakijwa alisikia harufu ya sabuni yake, na kwa hasira aliyokuwa nayo hilo lilimwongezea hasira.

"Umekaa kimya saa nzima, Sifa."

"Anayesema ni baba mdogo. Mimi nitasema nini mbele yake?"

"Useme unanipenda. Umekuja posa, hukuja kutazama watu wakila."

Sifaeli akatazama chini. Alisema anampenda, Nakijwa mwenyewe anajua, na Mbwera nzima inajua. Akasema baba mdogo ndiye aliyemlipia shule kwa kuuza tangawizi, kwa hiyo hawezi kumkatiza mbele za watu. Kisha akamshika mkono, na katika kiganja chake Nakijwa akalisikia lile kovu dogo gumu.

"Naki, ni maji tu," akasema. "Unaingia, unatoka, dakika moja. Tunaoana. Moyoni ubaki na Ulutheri wako, nani atakuuliza?"

Nakijwa akautoa mkono wake. Hakutaka kuutoa, na huko kutotaka kulimuuma.

"Kama ni maji tu, mbona hakuna anayekwenda kumwambia baba yako mdogo kwamba ni maji tu?" akasema. "Na wewe, Msabato mzima, ndiye unayenifundisha kumdanganya Mungu nikiwa ndani ya kisima chake?"

Sifaeli akakifumba kile kiganja chenye kovu. Uso wake ulionyesha kwamba neno limeingia mahali pake. Nakijwa akamwambia amechoka. Tangu saa nane kila kinachosemwa mle ndani kinamtaka achague, samaki au siku, Sifaeli au baba yake, na yeye hajamwona mtu anayemchagua yeye. Machozi yakamjia, akayafuta kwa pindo la kanga iliyonuka moshi. Sifaeli akanyoosha mkono, akaurudisha. Wakabaki wanatazamana, watu wanaotakana kabisa, hawana la kufanya.

Ndipo sauti ya Mwalimu Msangi ikapanda. Alikuwa mtu wa mizaha, hata alipochapa wanafunzi alichapa kwa mizaha, na Nakijwa hakuwahi kuisikia sauti ile. Wote wawili wakakimbilia mlango wa nyuma.

Mzee Mrutu alikuwa amesimama, jasho linamtiririka ndani ya suti. Alisema hakudharau mtu. Alisema tu kwamba mtoto mchanga hajui dhambi wala toba, kwa hiyo akinyunyiziwa maji amelowa, hajabatizwa.

"Niambie basi," akasema. "Aliyembatiza ni mchungaji gani, nami nimpe heshima yake."

"Mimi," Mwalimu Msangi akasema.

Nakijwa alidhani amesikia vibaya. Cheti chake cha ubatizo kiliandikwa Utete, kina jina la mchungaji na mhuri, na maisha yake yote alijua amebatizwa Utete.

Mwalimu alikaa chini. Alizungumza akiitazama meza, na sauti ilikuwa imerudi chini kabisa. Alisema ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino, Delta nzima maji. Mkewe alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba. Jirani yao Mtoro akawapakia kwenye mtumbwi wake kuwapeleka hospitali ya Utete, wakaukuta mto umefurika hata njia hawaijui. Mtoto akazaliwa humo njiani. Alikuwa mdogo wa kutosha viganja viwili, rangi ya bluu, hakulia.

"Mchungaji hayupo. Sista hayupo. Niko mimi, mke wangu anayetokwa na damu, na Mtoro, Mwislamu, anayepiga kasia," Mwalimu akasema. "Kanisa letu linaruhusu. Mtu anakufa, Mkristo yeyote anabatiza. Nikainama nichote maji ya mto. Mtoro akanikataza. Akasema, Mwalimu, hayo ni machafu kwa kitoto. Akanipa dumu lake la maji ya kunywa, na lilikuwa hilohilo moja, na safari bado ndefu."

Akakisogeza pembeni kikombe chake cha chai.

"Nilimimina kikombe kimoja. Mkono ulitetemeka, nusu yake ikanimwagikia mimi. Kwa hesabu yenu ya maji mengi, siku ile aliyebatizwa vizuri ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mama Nakijwa alikuwa analia bila sauti. Akasema mtoto alilia walipoliona boma la Utete, na mchungaji aliyefika baada ya wiki alisema amekwisha kubatizwa, yeye ni wa kuandika tu kitabuni. Mumewe alikuwa amemkataza asilitaje tena lile jambo la mtumbwini, kwa sababu kila akilisikia, yeye mumewe hulala bila kula.

Nakijwa alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Alimwona baba yake upya, huyu mzee mbishi aliyekuwa ananyonya mifupa ya kambale kwa makusudi, na akajua kwamba kisima cha vigae hataingia, hata iweje, hata akibaki bila mume. Akageuka kumwambia Sifaeli hivyo. Sifaeli hakuwa tena pale. Alikuwa ameshaingia sebuleni.

"Baba mdogo, naomba niseme."

"Hujapewa nafasi," Mzee Mrutu akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Najua. Nisamehe." Sifaeli alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma. "Nakijwa sitamwomba abatizwe tena. Nilimwomba, sasa hivi, hapo nje, nikamwambia ni maji tu. Nilikosea. Mtu amemwombea mtoto wake anayekufa, mimi ni nani niseme Mungu hakuwa anasikia?"

Mzee Mrutu akamkumbusha kwamba kanisa halitawafungisha ndoa. Sifaeli akasema anajua. Mzee akamkumbusha kwamba watamwondoa katika ushirika, na yeye aliyekuwa anaongoza kwaya atakaa nyuma na wageni.

"Nitakaa nyuma, baba. Sabato nitaishika, na kambale sitakula. Lakini yule pale nitamwoa na ubatizo wake alionao."

Mzee alikaa kitini. Hatimaye alifungua kifungo cha koti, kisha cha pili, akajipepea kwa karatasi aliyokuja nayo, aliyokuwa ameandikia masharti yake. Alionekana amechoka na safari yote, kutoka Same mpaka pale. Alisema yeye ni mzee wa kanisa na hawezi kusema ndiyo, dhamiri haimruhusu. Kisha akasema, kwa namna ya kunung'unika, kwamba naye aliwahi kuzika mtoto wa wiki moja, na wa kwao hakumiminiwa chochote, na kuna usiku ambao jambo hilo humsumbua.

"Kwa hiyo neno ndiyo siwezi kulisema," akamalizia. "Lakini naona nimekaa, sijaondoka."

Mwalimu Msangi alikohoa. Akasema naye asieleweke vibaya, hajabadilika hata kidogo, kwake Jumamosi bado ni siku ya kufua nguo, na nani atawafungisha vijana hawa ndoa ni ugomvi ambao uko palepale. Mzee Mrutu akasema uko palepale kabisa. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wamekubaliana juu ya jambo.

Ni Mama Nakijwa aliyepangusa macho akauliza, kwa sauti iliyokwisha subira, kama kuna mtu yeyote katika wanaume hawa wasomi wa Maandiko aliyemwuliza binti. Tangu saa nane wameamua siku, samaki na maji, na mila yenyewe, ile inayotaka binti aitwe aulizwe mbele ya wageni, imewapita wote. Mwalimu alikunja uso. Ilikuwa kweli, na kosa la namna hiyo kwa Mpare ni aibu kuliko kuwapa wageni kambale.

Akaita. Nakijwa akaingia na kanga zake za moshi, machicha ya nazi mpaka kwenye viwiko, na akasimama mbele ya baba yake. Sifaeli alikuwa kushoto kwake, hatua moja tu, na hakuthubutu kumtazama. Nakijwa alikuwa na hasira bado. Alikuwa na njaa, miguu inamuuma, na kichwa kimejaa magamba na mapezi. Na katikati ya hayo yote alimpenda mtu huyu.

"Nakijwa," Mwalimu akasema, naye akalazimika kuanza mara mbili. "Huyu kijana unamjua?"

"Namjua, baba."

"Umeisikia shida yake yote. Hata mchungaji wa kuwafungisha hamna. Unamtaka hivyohivyo?"

Nakijwa akavuta pumzi.

"Namtaka, baba," akasema. "Pamoja na Jumamosi zake zote."